Ramani ya Kale na Chombo Kipya

Ramani ya chombo ni barua ambayo mwandishi wake hajui itasomwa na nani. Huandika urefu, upana na kina. Hutia alama mahali pa injini na mahali pa usukani. Kisha huamini kwamba mtu wa mbali atakayeipokea atakuwa na mti, chuma na gundi kama vyake. Imani hiyo huwa kweli kwa muda tu. Miti hubadilika, vyuma hubadilika, na vipimo hubadilika. Karatasi husalia ikisema ya jana kwa watu wa leo. Kwa hiyo ajengaye kwa ramani ya kale ana kazi mbili: kutii kilichoandikwa, na kutambua kilichonyamaziwa. Kazi ya pili ndiyo ngumu, na mzee mmoja wa Mbeya alijifunza ugumu wake kwa miezi kumi na moja na hasira nyingi.

Mzee huyu alikuwa mwalimu wa ufundi wa mbao kwa miaka thelathini. Katika sanduku la vitabu vyake palikuwa na nakala ya ramani ya mashua ya injini, iliyochorwa Uingereza katika miaka ya 1950 kwa ajili ya watu wapendao kujenga vyombo vidogo vinavyoongozwa kwa simu ya upepo, kama ilivyoitwa siku hizo. Alipewa na mwalimu aliyemtangulia, akaitunza kwa nia ya kuijenga pamoja na mwanawe wa pekee, siku mtoto atakapoweza kushika randa. Siku hiyo ilifika, lakini mtoto hakuipenda randa. Alipenda nyaya. Alifungua redio ya nyumbani apate kuona sauti inakotoka, akashindwa kuifunga tena, akapigwa. Alipokuwa kijana alikataa chuo cha ualimu alichochaguliwa, akaenda Iringa kufungua kibanda cha kutengeneza redio na simu. Neno zito lilitamkwa mlangoni asubuhi ya safari. Tangu hapo ilipita miaka sita ya salamu za sikukuu tu, na hizo zilichukuliwa na mama. Mama alipofariki, salamu zilikosa mchukuzi. Baba na mwana walisimama pamoja kaburini, wakapeana mikono kama wageni, kila mmoja akashika njia yake. Mwezi uliofuata mzee aliitoa ramani sandukuni.

Mtu angeweza kuuliza mashua inatafuta nini Mbeya, mji ulioinuka zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari. Lakini bara ya nchi hii imezoea vyombo vinavyozaliwa mbali na maji yake. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kuelea katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isishikwe na adui. Mwaka 1924 iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Hata mji wa Iringa, usio na ziwa, ulipata kuwa na meli yenye jina lake, MV Iringa, iliyotumikia Ziwa Nyasa miaka mingi. Na kwa mwenye kutaka kuelea kidogo, wahenga walikwisha sema: maji ya kifuu bahari ya chungu.

Kazi ilianza kwa vipimo. Ramani ilisema mashua ina urefu wa inchi 34, yaani sentimeta 86, na pembeni yake palichorwa mstari wa inchi 12 wa kupimia. Mzee aliweka rula juu ya mstari huo, akaona inchi 11 na robo tatu. Mashine ya kunakili ilikuwa imeipunguza ramani kidogo bila kumwambia mtu. Upungufu wa sehemu 2 katika 100 huonekana mdogo katika urefu; lakini chombo huelea kwa ujazo wake, na urefu, upana na kina vikipungua pamoja kwa sehemu 2, ujazo hupungua kwa karibu sehemu 6. Mwalimu alifurahi kuigundua hila hii mapema. Alichora kila taruma upya kwa kipimo cha kweli, naye akaamini kwamba amekwisha kuitega ramani kabla haijamtega.

Kisha mti. Ramani ilitaka balsa, mti wa Amerika ya joto, ambao meta moja ya ujazo ina uzito wa kilo 160 hivi. Balsa haikupatikana Mbeya. Alichukua mninga kwa mkuku, kwa kuwa mninga hauhofu maji, na msindano kwa mataruma, ubavu na sitaha. Msindano ni mwepesi machoni pa seremala wa nyanda za juu, ambaye amezoea mbao za Sao Hill. Lakini ukiulinganisha na balsa ni mzito karibu mara tatu. Alizichana mbao kuwa fito nyembamba, akazilowesha katika maji ya moto zipate kupindika, akazishikiza kwa gundi na vibanio, ufito mmoja kulia na mmoja kushoto, ili chombo kisivutwe upande. Majina ya sehemu aliyajua toka katika kamusi: mkuku, taruma, omo, shetri, kalafati, farumi. Alikuwa ameyafundisha kwa watoto ambao hawajaona bahari, naye mwenyewe alikuwa hajayashika kwa mkono. Sasa yalimpita vidoleni moja baada ya moja, na kila moja likawa na uzito na harufu. Isipokuwa farumi, ambalo ramani haikulitaja.

Katika mwezi wa nane mashua ilikuwa na umbo, na chuma cha rafadha kilikwisha kupita katika mrija wake uliojazwa grisi ili maji yasipande ndani. Ikabaki redio. Jambo hili si la jana: Nikola Tesla alionyesha watu wa New York mashua ndogo iliyotii mawimbi ya redio mwaka 1898. Lakini mtambo uliochorwa katika ramani ulikuwa wa wakati wake. Ulitaka vichupa vya kioo, betri nzito, na kitufe kimoja cha kubonyeza. Ukibonyeza, usukani hugeuka kulia. Ukiachia, hurudi katikati. Ukibonyeza tena, hugeuka kushoto. Aliyetaka kwenda kulia mara mbili alilazimika kupita kushoto kwanza. Nguvu ya kugeuza usukani ilitoka katika mpira uliosokotwa. Vitu hivyo havikuwa madukani tena, na mzee hakujua mahali pa kuanzia. Alimjua mtu mmoja tu aliyejua.

Alipiga nakala ya ukurasa wa mtambo, akaandika chini yake vipimo vya nafasi iliyopo, na maneno mawili: "Gharama nitalipa." Bahasha aliipa basi la Iringa. Baada ya wiki mbili basi lilirudisha mzigo uliofungwa vizuri: mtambo wa mkononi, mtambo wa kupokea usiozidi ukubwa wa kiberiti, mota moja ya rafadha na nyingine ndogo ya usukani, na betri moja bapa. Palikuwa na karatasi yenye maelezo ya kuunganisha, kwa mwandiko safi, na onyo kwamba waya wa kupokelea mawimbi ukae juu ya usawa wa maji, kwa sababu maji huyameza mawimbi hayo. Hati ya gharama haikuwamo.

Mzee alifunga kila kitu mahali pale pale ramani ilipoonyesha, akajaza maji katika pipa kubwa lililokatwa, akaiweka mashua. Ilikaa juu ya maji kama bata asiyetaka kulowa. Kisha ikainama polepole upande wa kushoto, ikalala. Aliisimamisha, ikalala kulia. Alikagua mkuku, akakagua mataruma, akaona vyote vimenyooka. Kazi yake ilikuwa sahihi. Basi kosa lilikuwa la mwingine. Jioni ile alipiga simu Iringa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Vitu ulivyoleta ni vyepesi mno."

"Ndiyo, Baba. Siku hizi ni vyepesi. Ramani inasema betri zile zilikuwa na uzito gani?"

Mzee alivaa miwani, akasoma: chombo chote ratili 9, na katika hizo betri na redio ratili 4. Simu ilinyamaza kidogo.

"Basi, Baba, betri zile zilikuwa na kazi mbili. Mimi nimeleta ya kazi moja tu."

Mzee alikaa na maneno hayo usiku kucha. Mchoraji alihitaji uzito chini ya chombo, nao tayari alikuwa nao, kwa kuwa betri za wakati wake hazikuweza kuwa nyepesi. Hakuandika neno farumi kwa sababu farumi ilijileta yenyewe. Aliyenyamaza hakuficha, alidhani kwamba dunia itaendelea kuwa nzito kama alivyoijua. Mzee alikuwa ameitii kila tarakimu, akaongeza uzito juu kwa sitaha ya msindano, na uzito wa chini ukaondoka bila yeye kujua. Hakuna fito iliyokosewa, na hata hivyo mashua isingesimama.

Kulipopambazuka alikuwa amefika katika hesabu nyingine, isiyo ya mbao. Yeye pia alikuwa amemchorea mtoto ramani: shule, chuo, ubao na chaki, mshahara wa serikali, pensheni. Ilikuwa ramani njema, na yeye mwenyewe aliielea kwa miaka thelathini. Lakini aliichora kwa uzito wa siku zake, wakati ualimu ulipokuwa kazi na heshima kwa pamoja, kitu kimoja chenye kazi mbili. Mtoto alipoikataa, baba aliona uasi. Hakuuliza kama kuna kilichopungua chini ya chombo.

Hesabu ya mashua ilikuwa rahisi. Ratili 9 ni kilo 4 na kidogo, na chombo cha kilo 4 kikielea katika maji matamu lazima kisukume kando lita 4, kiwe Mbeya au kiwe Kigoma. Betri na redio za ramani zilikuwa karibu kilo 1.8, mpya hazikufika nusu kilo, msindano ulikuwa umeongeza kama nusu kilo nyingine juu ya balsa. Palitakiwa kilo moja hivi, nayo iwe chini kabisa, juu ya mkuku. Mzee aliagiza Kyela chubwi za nyavu, zile risasi ambazo wavuvi wa Ziwa Nyasa huzifunga katika kingo za nyavu zao. Alizipanga moja moja, akipunguza omo na kuongeza shetri, mpaka mstari wa maji ukalingana na mstari wa rangi. Aliisukuma mashua kwa kidole. Ikainama, ikafikiri, ikasimama. Akapiga simu mara ya pili, na safari hii alitangulia kuuliza hali.

Walikubaliana kukutana Mufindi, kwenye bwawa dogo kati ya mashamba ya chai. Kutoka Mbeya mpaka Mafinga ni karibu kilomita 250, na kutoka Iringa ni karibu 80. Kijana alitaka kuja mpaka Mbeya. Mzee alikataa, akasema njia ndefu ni yake.

Asubuhi ilikuwa ya ukungu. Mwana aliiinua mashua, akaigeuza chini juu, akapitisha kidole katika ubavu wake bila kusema. Kisha akasema, "Sikujua kwamba mbao hupindika hivi." Baba akajibu kwamba hata yeye hakujua kwamba redio huweza kuwa ndogo namna ile. Waliitia majini. Mzee alishika mtambo kwa mikono miwili, akaugeuza usukani kwa nguvu, mashua ikazunguka kama iliyopagawa. "Achia, Baba," mwana alisema, "usukani utarudi wenyewe katikati." Aliachia, chombo kikanyooka, kikaenda kikichora mstari mweupe juu ya maji mpaka ukungu ukakikaribia.

"Kikienda mbali kisipotusikia?" mzee aliuliza.

"Kitasimama, Baba. Nimekiagiza kwamba kisiposikia kisimame, kisikimbie."

"Na nani hukirudisha?"

"Upepo, au mtu anayekwenda kukichukua."

Mzee hakuongeza neno. Aliigeuza mashua, ikarudi.

Mchana, kabla ya mabasi, waliitandaza ramani juu ya jiwe. Mzee aliandika pembeni kwa penseli: farumi, kilo moja, juu ya mkuku. Mwana aliandika chini yake uzito wa betri na aina ya mtambo, na mwaka, ili atakayeipokea baadaye ajue walihesabu kwa uzito wa wakati gani. Ramani ile sasa ina mwandiko wa watu watatu. Wa kwanza alichora asichojua kitafika wapi, na wawili waliomfuata wamemtii kwa kuandika alichokisahau. Atakuja wa nne, ambaye mbao zake, betri zake na watoto wake hawatakuwa na uzito wa leo. Naye ana haki ya kukuta nafasi pembeni ya karatasi.