Mguu Wake, Mizigo Yangu

Wanawake wengi hugundua siri za waume zao kwenye simu. Mimi ya kwangu niliigundua kwenye pampu ya mafuta, Morogoro, saa nne asubuhi.

Tulikuwa tunatimiza miaka mitano ya ndoa. Mume wangu akaja na wazo lake: mwaka huu si hoteli, si Zanzibar, ni kuvuta kempa kwa pikapu yetu mpaka Iringa. Kwa wasioijua, kempa ni tela lenye chumba: kitanda, jiko dogo la gesi, tangi la maji. Rafiki yake alituazima. Neema tukamwacha kwa bibi yake Tabata, na sisi hao, Barabara ya Morogoro, muziki juu kama wachumba vile.

Siku za kawaida, pikapu yetu ya dizeli hutufikisha Morogoro, kilomita kama 190, kwa lita 19 hivi. Safari hii tulijaza tangi Dar, na tulipolijaza tena Morogoro namba zikapita 19, zikapita 25, zikaja kusimama kwenye 32. Kijana wa pampu akacheka: “Dada, si mnavuta nyumba?” Mume wangu hakucheka. Akafungua dashibodi, akatoa bahasha ya kaki. Bahasha ile naijua. Niliiandika mwenyewe kwa wino mwekundu: MABATI.

Jamani! Pesa za kuezekea nyumba yetu ya Kibamba, miezi minane ya kujinyima, zinahesabiwa mbele yangu kuwa moshi.

Kutoka pale hakuna aliyeongea. Tulipoingia Mikumi, barabara inakokatiza katikati ya hifadhi na magari yanatakiwa kupunguza mwendo, twiga watatu walikuwa wamesimama karibu kabisa na lami. Siku nyingine ningepiga kelele za furaha. Siku ile kila mtu aliangalia dirisha lake.

Usiku, tumekaa nje ya kempa, akafungua mdomo. “Mama Neema, bajeti iliisha kabla hatujaondoka. Niliona aibu kukwambia tuahirishe.” Nilikuwa na hotuba yangu tayari, lakini akaniwahi: “Na wewe, humo ndani ulipakia nini?”

Tukafungua. Gunia la mkaa, wakati jiko la gesi lipo. Kreti mbili za soda. Mchele kilo 20, utadhani Iringa hakuna soko. Tangi la maji nililijaza mwenyewe Dar, lita 100, na kila lita ya maji ni kilo moja. Juu ya pikapu nilifungisha meza na viti vya plastiki, vimeupokea upepo njia nzima. Nikakaa kimya. Ule mguu mzito kwenye mafuta ulikuwa wake, lakini mizigo ilikuwa yangu.

Tulichojifunza ni hiki. Gari linalovuta hulipa mara mbili. Mlimani, na kila unapoliondoa likiwa limesimama, unalipia uzito. Kwenye tambarare ukikimbia, unalipia upepo, maana kempa ni ukuta uliopita kimo cha pikapu. Na upepo hauna huruma: ukipandisha mwendo kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu yake ya kukukinza inaongezeka zaidi ya mara moja na nusu. Mume wangu kila alipopata nafasi alikuwa anatafuta hiyo 100.

Asubuhi tukamwaga maji, tukabakiza ya kunywa na ya chai. Meza na viti vikaingia ndani. Tukapima upepo wa matairi yote yakiwa ya baridi, ya tela pia, ambayo watu wengi huyasahau. Mkaa na soda nikamwachia mama ntilie wa Ruaha Mbuyuni. Kitonga tukaipanda kwa gia ndogo, nyuma ya malori, bila kugombea njia. Siku ya kurudi tukaishuka vilevile, gia ndogo, ili breki zisichemke.

Morogoro tukajaza tangi tena, tukaenda 80 na chini yake mpaka Dar, tukajaza: lita 25. Ukweli usemwe, Morogoro iko juu kuliko pwani, kwa hiyo lita zote saba si ujanja wetu. Lakini nyingine ni zetu. Na kimahesabu, kwa kilomita 190, kwenda 80 badala ya 100 hakukupotezei hata nusu saa.

Nusu saa hiyo tuliitumia kuongea. Nilimwambia kwamba mimi hupakia nyumba nzima kwa sababu nilikulia kwenye nyumba ambayo vitu viliisha ghafla, na sipendi kurudi kule. Yeye akasema kila nikiuliza bei ya kitu, anasikia kama ninamuuliza yeye ni mwanaume gani. Miaka mitano kwenye kitanda kimoja, haya tunaambiana Chalinze!

Mabati bado hatujapandisha. Pesa iliyotoka tumekubaliana airudishe kwa miezi mitatu, na miwili imeshapita bila kuruka. Bahasha sasa ina karatasi ndani: anayetoa anaandika, anayerudisha anaandika.

Kwa hiyo msomaji, kama na wewe na mwenzako mnapanga kuvuta nyumba yenu barabarani, punguzeni mizigo, pimeni matairi, tulizeni mguu. Na kabla hamjafunga tela, kaeni mezani mfungue bahasha pamoja. Msisubiri pampu iwafungulie.