Arsi, kwenye inchi ya farasi

Ndugu musomaji, leo tuache kidogo vumbi ya mine, twende pamoja Etiopia, kwenye milima ya Arsi. Ukitoka Addis Ababa unaelekea kusini, unapita muji wa Asella, kiisha unapanda mpaka Bekoji. Vijana, ni kwao Derartu Tulu, aliyepata medali ya zahabu ya mbio ya metre 10 000 kule Barcelona mwaka 1992.

Lubumbashi yetu iko metre 1 200 hivi juu ya bahari. Bekoji iko karibu 2 800. Vaa koti! Utaona mashamba ya ngano na shayiri, na farasi kila pahali. Kwetu farasi ni kitu cha kuona mara moja moja. Kule njo velo, njo camion ya jamaa.

Sisi tunajua mbungo, anayeleta ugonjwa wa usingizi. Kule juu baridi inamufukuza. Basi utasema farasi wa Arsi wako salama? Hapana. Kidudu cha ugonjwa wa usingizi kiko na ndugu yake, ambaye haombe mbungo hata kidogo: anapita kati ya dume na jike wakati wanapandana. Ugonjwa huu unaitwa durini. Mufaransa Rouget aliona kidudu chake katika Algeria mwaka 1896.

Sikia namna unatenda. Sehemu za uzazi zinavimba, maji yanatoka. Mara ingine vivimbe vya muviringo vinatokea chini ya ngozi, kama vipande vya feza. Jike mwenye mimba anaweza kuitupa. Naye anabeba miezi 11, mutoto mumoja tu. Mimba ikitoka, mwaka muzima umepotea. Kiisha anakonda, miguu ya nyuma inalegea, na wengi wanakufa.

Na dume? Anaweza kuonekana muzima, ngozi inangaa, kumbe njo anaeneza ugonjwa. Mwenye jike anasema: “Huyu hana faida, anatupa mimba.” Anamupeleka soko, na ugonjwa unahamia kwa mwingine.

Chanjo haiko. Marekani na Kanada walimaliza durini kwa kupima damu na kuua farasi wenye ugonjwa. Lakini baba wa Arsi mwenye farasi mumoja, akimuua, nani atabeba ngano yake? Utaelewa kwa nini mutu anaweza kuficha.

Ndugu, durini haikamate watu. Lakini wewe unayefuga mbuzi ao ngombe pembeni ya cité, jifunze kitu. Usikubali dume wa jirani mbele ya kuuliza habari zake. Mbuzi wako akitupa mimba, usiiguse na mikono mitupu, na mama mwenye mimba asikaribie kabisa, ju magonjwa mengine ya namna ile yanakamata watu. Ita munganga wa nyama.

Tena neno moja kwa akina baba. Mama akipoteza mimba, mara ngapi jamaa inamusonga yeye peke yake, hata kumurudisha kwao? Tumeona kule Arsi: anayepoteza mimba si yeye kila mara aliyeleta ugonjwa. Baba, mushike mukono, muende kwa munganga wawili, mupimwe wawili.