Goma: Mtoto wa darasa la nane anachagua seksioni, nani amemwambia kazi zilizopo?

Ukiuliza wanafunzi wa sekondari hapa Goma wanataka kufanya kazi gani kesho, mikono inainuka haraka na majibu yanafanana: daktari, mwanasheria, kazi ya benki, kazi ya ONG. Mmoja wa nyuma atasema mwanamuziki na wenzake watacheka. Baada ya hapo, kimya. Si kwamba watoto hawana akili. Mtu hatamani kazi ambayo hajaiona wala kuisikia.

Na nchini Kongo uamuzi huu unakuja mapema. Mtoto anamaliza miaka 6 ya shule ya msingi, anasoma darasa la saba na la nane, kiisha anaingia humanite kwa miaka 4 akiwa tayari ndani ya seksioni moja: pedagojia, biashara na uongozi, kemia na biolojia, sosiali, kata na kushona, umeme, mekanika, kilimo na nyingine. Mwishoni mwa darasa la nane kuna mtihani wa taifa unaoitwa TENASOSP. Herufi tatu za mwisho za jina hilo zinahusu kumwelekeza mtoto katika masomo na katika kazi. Jina ni zuri. Lakini katika shule nyingi mtihani unakwisha, matokeo yanatoka, na hakuna mtu aliyekaa na watoto hata saa moja kuzungumza nao juu ya kazi.

Basi mtoto wa miaka 14 anafuata rafiki yake, ao anafuata shule iliyo karibu na nyumba. Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaliangalii. Pedagojia na biashara ziko karibu kila kartie kwa sababu kuzifundisha kunahitaji ubao, chaki na mwalimu. Mekanika inahitaji mashine, umeme unahitaji nyaya na vifaa vya kuharibu wakati wa kujifunza. Mwenye kufungua shule anafungua ile isiyomgharimu sana, na watoto wanajaa humo. Wengi wanaotoka pedagojia wakiwa na diploma ya serikali wanakuwa walimu wa N.U., wale wanaofundisha bila kuingizwa bado kwenye mshahara wa serikali. Kazi ya ualimu ni ya heshima, hakuna anayekataa. Tatizo ni mtoto kuingia humo bila kuambiwa ukweli huo.

Kwa watoto wa wahami hali ni mbaya zaidi. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari mzazi analipa. Familia iliyotoka Masisi ao Rutshuru na mfuko mmoja wa nguo mara nyingi haina hata buletini ya mwaka uliopita. Mtoto anapokelewa pale penye nafasi kwenye benchi, na seksioni ya benchi hiyo ndiyo inakuwa kazi yake ya maisha.

Tena mambo yamebadilika. Tangu Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki za Goma zilifunga milango. Mwaka huohuo Marekani ilikata misaada na mashirika mengi yakaachisha watu kazi. Zile ndoto mbili kubwa za darasani, benki na ONG, zilipata pigo kwa wakati mmoja. Lakini bado kuna watoto wanaozitaja, kwa kuwa hawajaonyeshwa nyingine.

Na nyingine ziko. Watoto wa Goma wanatembea juu ya mawe ya Nyiragongo kila siku, wengi walikimbia tarehe 22 Mei 2021, lakini ni wachache wanaojua kwamba pale Observatwari ya Volkano kuna watu wanaolipwa kwa kupima mlima. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, kila mtu alisikia juu ya waganga. Waliokuwa ndani ya maabara wakisoma damu hawakutajwa sana. Tangu mtambo wa Matebe kule Rutshuru uanze mwaka 2015, umeme wa Virunga umefika katika nyumba nyingi, na kila nyumba inahitaji fundi wa kuingiza nyaya bila kuunguza familia. Hata unesi: mtu anaweza kutoka sekondari ya ITM akiwa nesi wa A2, bila kusubiri chuo kikuu. Wazazi wengi hawajui.

Shule moja ya komini ya Karisimbi ilijaribu kitu kidogo. Prefe hakuita wakubwa wenye kravati. Aliita wazazi wa wanafunzi wenyewe, Jumamosi moja asubuhi: nesi, fundi wa simu, baba anayechomelea vyuma, na mama mmoja fundi wa umeme aliyekuja na sanduku lake la vyombo. Haikugharimu kitu. Watoto waliuliza maswali ambayo hakuna kitabu kinayajibu. Unapata ngapi kwa siku? Ulisoma wapi? Mteja akikataa kulipa unafanya nini? Mama wa umeme alijibu kwamba kuna wiki anakula vizuri na kuna wiki anakopa, na kwamba mara ya kwanza wanaume walimtuma kushika taa tu.

Msichana mmoja kutoka Masisi, anayelala na familia ya shangazi yake, alisema nyumbani kwao walikuwa wanatengeneza fromaji, lakini hiyo si kazi, ni maisha ya kijijini tu. Prefe akamwambia kuna seksioni ya veterineri, na kwamba maziwa na fromaji ya Masisi vinaliwa mpaka Kinshasa. Msichana akauliza kama wasichana wanakubaliwa. Wanakubaliwa.

Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, ndiye aliyeuliza swali gumu: «Prefe, ng'ombe zetu zilikwisha zote. Huyu atatibu nini?»

«Mama, vita ikiisha watu watafuga tena,» prefe alisema.

«Na minervale ya sasa, kabla ya vita kuisha?»

Prefe hakujibu hapo hapo. Karatasi ya kuchagua seksioni inarudishwa shuleni Ijumaa.