Siri Kali na Siri Zetu

Wakenya tunapenda kutania kwamba serikali ni "siri kali". Sawa. Lakini siku hizi siri kali ndiyo inayotaka kuzijua siri zetu.

Mwaka wa 2018 Bunge lilibadilisha sheria na kuanzisha NIIMS, ule mfumo tuliouzoea kwa jina la Huduma Namba. Sheria iliruhusu serikali kuchukua alama za vidole, na pia DNA na mahali unapoishi kwa vipimo vya GPS! Mwaka wa 2019 watu wakapiga foleni. Sheria ya kulinda data ilikuja kutiwa sahihi Novemba mwaka huo, wengi wakiwa wameshaandikishwa. Yaani kufuli ilinunuliwa mali ikiwa tayari ghalani.

Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataa DNA na GPS. Oktoba 2021 ikaamua kwamba kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikupima kwanza hatari kwa data za wananchi.

Kuna wanaosema, "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Mimi riziki yangu ni kuandika programu, na jibu langu ni hili: hifadhidata haijui nia ya mtu. Humjibu yeyote mwenye neno la siri. Leo ni karani anayekutafutia cheti, kesho ni mkubwa anayemsaka mwandishi wa habari aliyemuudhi. Kwa mashine, ombi ni lile lile.

Ndiyo maana mfumo mzuri huandika nani aliingia, saa ngapi, akatazama nini. Swali ni: rekodi hiyo husomwa na nani? Kule Estonia, mwananchi huingia kwenye tovuti ya serikali akaona ni ofisi gani zilizotazama habari zake. Akishuku, anadai maelezo. Kiufundi huo si muujiza jamani. Kinachotakiwa ni serikali kukubali kutazamwa nayo.

Tangu 2023 wimbo umekuwa Maisha Namba. Jina si hoja. Kifungu cha 31 cha Katiba kinatupa haki ya faragha, lakini haki usiyoweza kuikagua ni ahadi tu.

Basi mbunge wako akija kuomba kura, muulize: lini nitaonyeshwa ni nani aliyefungua faili yangu?