Kusaka mkataba wa gari uliofutwa

Shangazi yangu anaishi Leicester, Uingereza. Mwaka wa 2013 alinunua gari kwa mkopo. Kabla ya Januari 28, 2021, wauzaji wa kule waliweza kumpandishia mteja riba ili kamisheni yao inone. Sasa wengi wanadai fidia, naye shangazi hana karatasi ya mkopo wala hakumbuki nani alimkopesha! Experian nako patupu: deni lililofungwa huondolewa baada ya miaka 6.

Sisi wa hifadhidata tunajua kwamba ukifuta rekodi kwenye jedwali moja, ufunguo wake huenda ukabaki kwingine. Nikamuuliza, "Shangazi, taarifa za benki za miaka ile unazo?" Kumbe anazo, boksi zima! Alizitunza kwa maombi yake ya ukaazi (mhamiaji hatupi karatasi). Makato ya kila mwezi yalikuwa pale, jina la kampuni na nambari ya rejea, ambayo mara nyingi ndiyo nambari ya mkataba.

Kwa simu wakamwambia hawana kitu. Jumatatu akawaandikia akidai data zake zote, pamoja na za kwenye kumbukumbu za zamani. Sheria inawapa mwezi mmoja, bila malipo.