Mstari Ulio Kando ya Ubao

Mchezo wa 14 ulianza saa sita mchana, Desemba 12, 2024. Kule Singapore ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mimi nilikuwa kitandani, simu kwenye chaja, kazi ya mteja imelala, bando imenunuliwa na pesa ya supper. Ding Liren na Gukesh walikuwa na pointi 6.5 kila mmoja. Ubingwa wa dunia wa chesi ulikuwa umebaki mchezo huo tu.

Nilikuwa upande wa Ding. Gukesh alikuwa na miaka 18, na mimi nilishachoka na hadithi za watu wanaofika mapema. Ding alichukua taji 2023, kisha akazama kwenye msongo wa mawazo, na hakuficha. Wengi walimzika kabla mechi ianze. Akashinda mchezo wa kwanza. Akapigwa wa 11, kesho yake akarudi akashinda wa 12. Huyo ndiye mtu wangu.

Sasa, kando ya ubao kwenye skrini kuna mstari wa kompyuta unaoonyesha nani yuko mbele. Jioni hiyo ulikuwa katikati. Gukesh alikuwa na askari mmoja zaidi, lakini ilikuwa sare tu. Nikaenda kuchemsha chai. Kurudi, Ding amesogeza ngome, na mstari wote umegeuka mweusi. Ngome zingeliwa, maaskofu wangeliwa, wabaki wafalme na askari, na Gukesh ana askari wa ziada.

Nikapiga kelele. Ding alikuwa bado hajajua. Mimi, ambaye rafiki yangu hunipiga akicheza kwa simu ndani ya matatu, nilijua kosa la bingwa wa dunia kabla yake.

Halafu nikaskia aibu. Nilipoacha chuo, kila mtu kwetu alikuwa na mstari wake. Shangazi aliona tangu zamani. Majirani waliona. Ni mimi tu niliyekuwa nimekaa mbele ya ubao, saa inakimbia, bila kuona.

Ding alishika kichwa, kisha akampa mwenzake mkono. Gukesh alilia, huku akirudisha kete mahali pake, moja moja.

Siku hizi nikitazama chesi naficha mstari. Mara nyingi sielewi nani anashinda. Nangoja tu, kama wao.