Damu Isiyo na Maumivu

Katika nyumba nyingi za kwetu Pangi damu ya mwanamke haitajwi mbele ya watu. Sisi nasi tulilelewa hivyo. Lakini kunyamaza kumetuletea msiba, kwa hiyo leo tutasema.

Shemeji yetu, mke wa mdogo wetu, alikuwa katika mwezi wa nane wa mimba yake. Jioni moja ya mvua alirudi kutoka kisimani, akaona damu nguoni, nyekundu kabisa. Mama mkubwa akamwuliza, "Tumbo lauma?" Akajibu, "Haliumi, mama." Basi sote tukatulia. Tulidhani penye hatari sharti pawe na maumivu. Tena njia ya kwenda Kalima ilikuwa matope matupu. Tukamlaza, tukangoja kuche. Kabla jogoo hajawika damu ikamwagika tena, nyingi kuliko ya kwanza. Tulimchukua kwa machela hata barabarani, kisha kwa pikipiki, mumewe akimshika kwa nyuma. Alipasuliwa, akatiwa damu ya ndugu wawili, akapona. Mtoto hakupona.

Daktari alitueleza kwa upole, bila kutugombeza, jambo lililotuchoma zaidi. Kondo la nyuma lilikuwa limeshika chini, likaziba mlango wa mfuko wa uzazi. Mfuko unapoanza kutanuka pale chini, kondo huachana nao, na damu hutoka pasipo uchungu wo wote. Mtu asithubutu kutia kidole kupima njia, maana huenda akafungua mto. Pengine kondo lililo mahali pake hubanduka mapema. Hapo tumbo huuma na kuwa gumu kama ubao, na damu yaweza kujificha ndani. Kwa hiyo uchache wa damu inayoonekana si kipimo.

Na miezi ya kwanza? Kadiri ya mwanamke mmoja katika kila wanne huona damu kidogo, na wengi wao huzaa salama. Lakini yaweza kuwa mimba inaharibika, au imetunga nje ya mfuko: upande mmoja wa tumbo huuma, kichwa huzunguka, hata bega huuma. Homa au harufu mbaya nayo ni hatari. Nyumbani hakuna awezaye kupambanua haya, wala mizizi ya porini haipambanui. Apimwe siku ile ile. Isitoshe, malaria ya kwetu hula damu ya mama kabla hajamwaga hata tone.

Sasa shemeji ana mimba tena. Fedha ya pikipiki imo katika kopo juu ya kabati, na ndugu wawili wamekwisha pimwa damu. Mwezi wa mwisho atakaa karibu na hospitali, kwa sababu ya kovu lake. Juzi usiku aliona tone moja. Mama mkubwa hakuuliza kama tumbo lauma. Alikwenda kumwamsha mwenye pikipiki.